Hatimiliki haitoshi: Mmiliki wa shamba Mitaboni na sheria za matumizi ya ardhi

ALAMA ya X iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ambayo bado haijaezekwa ni ujumbe mfupi mno, lakini wamiliki wengi wa ardhi huusoma vibaya. Mmoja hudhani shamba lake limenyakuliwa. Mwingine huamini kwamba hiyo ni njia ya maafisa ya kuitisha chai. Wa tatu hukimbilia sanduku lake, akatoa hatimiliki na kuuliza ni sheria gani inayomzuia mtu kujenga kwenye ardhi aliyoachiwa na babu yake.

Swali la huyo wa tatu ndilo zito, na katika soko la Mitaboni, eneo la Kathiani, Kaunti ya Machakos, linazidi kuulizwa kadiri mashamba yanavyogeuka ploti. Mitaboni ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Kathiani, nyingine zikiwa Kathiani ya Kati, Upper Kaewa/Iveti na Lower Kaewa/Kaani. Ni nchi ya miteremko, matuta na mashamba madogo, na mji wa Machakos hauko mbali. Kutoka mji huo hadi Nairobi ni kilomita 60 hivi. Mtu anayefanya kazi jijini anaweza kununua kipande cha shamba huku na kujenga nyumba ya kustaafu, au vyumba vya kupangisha, bila kuhisi kwamba amehamia mbali.

Hapo ndipo sheria ya mpango wa matumizi ya ardhi inapoingia. Hatimiliki husema ardhi ni ya nani. Mpango husema ardhi hiyo itatumiwaje. Ni maswali mawili tofauti, yanayojibiwa na ofisi tofauti, na jibu la moja halifuti la jingine.

Msingi wake uko katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya kumiliki mali na kukataza serikali kumpokonya mtu ardhi yake bila fidia ya haki. Lakini Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, au haki yoyote juu ya ardhi hiyo, kwa ajili ya ulinzi, usalama wa umma, utulivu, maadili, afya ya umma au mpango wa matumizi ya ardhi. Neno "yoyote" limo humo kwa makusudi. Ardhi ya kibinafsi haikuachwa nje.

Tofauti kati ya vifungu hivyo viwili ina uzito mfukoni. Serikali ikichukua sehemu ya shamba ili kupitisha barabara, Tume ya Kitaifa ya Ardhi huendesha utwaaji huo na mwenyewe hulipwa. Kaunti ikikataa ombi la kujenga ghorofa tano mahali pa nyumba ya orofa moja, mwenye ardhi halipwi chochote, kwa kuwa ardhi bado ni yake. Alichonyimwa ni tumaini la faida, na sheria haioni tumaini kuwa mali.

Kutoka ng'ombe hadi matuta

Wakazi wa vilima vya Iveti wana sababu ya kumtazama kwa jicho la pembeni afisa anayekuja na daftari kuwaeleza namna ya kutumia ardhi yao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba mifugo ya Ukambani ilikuwa mingi kuliko uwezo wa malisho, ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Haikutaja kwamba malisho yalikuwa yamebanwa na mipaka ya hifadhi za Waafrika huku ardhi jirani ikiwa mikononi mwa walowezi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba kwa maandamano hadi Nairobi, na serikali ikalazimika kulegeza kamba. Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Baadaye yakaja matuta ya lazima, na watu wakayachukia kwa kuwa yalikuwa ya lazima. Uhuru ulipopatikana, wakulima wale wale waliendelea kuyachimba kwa hiari, wakisaidiana katika vikundi vya mwethya, kwa sababu walikuwa wameona kwamba udongo uliozuiwa huzaa. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, uliitangazia dunia kwamba Machakos ilikuwa na watu wengi kuliko zamani ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kanuni za matumizi ya msingi ya ardhi za mwaka 1965 ziliandikwa kwa fikra hiyo hiyo. Zilikataza kulima penye mteremko unaozidi asilimia 35, na zilidai hatua za kuhifadhi udongo penye mteremko wa kati ya asilimia 12 na 35. Sehemu kubwa ya mashamba ya Kathiani iko katika daraja hilo la pili. Kwa hivyo mzee wa Mitaboni aliyeambiwa zamani kwamba korongo lile halilimwi alikuwa tayari anaishi chini ya kanuni za kanda, hata kama hakuna aliyezitaja kwa jina hilo.

Nani huamua sasa

Hadi mwaka 2019 mambo haya yaliendeshwa chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 1996. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi, Nambari 13 ya mwaka 2019. Sheria hii mpya ililingana na ugatuzi: upangaji na ustawishaji wa ardhi ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, nayo Tume ya Kitaifa ya Ardhi hubaki na jukumu la kusimamia kwa mbali.

Kaunti hutakiwa kuwa na mpango wake mkuu wa matumizi ya ardhi, na chini yake mipango ya mitaa kwa miji, manispaa na vituo vya biashara. Mpango wa mtaa ndio unaomgusa mwenye ploti moja kwa moja, maana ndio unaoonyesha kila kipande kimewekwa katika kanda gani.

Ramani za mipango nchini huchorwa kwa rangi ambazo wataalamu wamezoea, na si vigumu kwa mtu wa kawaida kuzijifunza. Makazi ni kahawia. Viwanda ni zambarau. Elimu ni rangi ya chungwa, burudani kijani, majengo ya umma manjano, biashara nyekundu, huduma kama maji na umeme samawati. Kila matumizi hupewa pia nambari, kuanzia 0 ya makazi hadi 9 ya kilimo. Mmiliki anayefika ofisi ya mipango akaomba aonyeshwe ploti yake kwenye ramani, akaikuta katika rangi ya manjano, anafaa kuketi na kuuliza maswali kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Huenda kipande hicho kilikusudiwa zahanati.

Mipango hii haiwi halali kwa siri. Ni lazima itangazwe, magazetini miongoni mwa kwingineko, na wananchi wapewe muda wa kutoa maoni na pingamizi kabla haijaidhinishwa. Tatizo ni kwamba tangazo lenyewe huchapishwa kwa herufi ndogo kati ya zabuni na notisi za mirathi, na hakuna anayelisoma isipokuwa mawakili na madalali. Dalali akishalisoma, bei ya ardhi hupanda au kushuka kabla mwenyewe hajajua kwa nini.

Na pale ambapo mpango wa mtaa haujaidhinishwa? Wengi hudhani kwamba pasipo mpango hapana sheria. Sivyo. Kibali cha kujenga au kubadilisha matumizi bado huhitajika, na maafisa huamua kwa kutazama matumizi ya ardhi jirani, barabara, maji, mazingira na ushauri wa idara nyingine. Tena mwenye ardhi huwa katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa hana ramani ya kumwonyesha afisa anayemkatalia.

Ekari mbili kando ya barabara

Mfano rahisi utasaidia. Mtu ana ekari mbili kandokando ya barabara, hatua chache kutoka sokoni. Hatimiliki ni yake, tena ya umiliki kamili usio na kikomo cha miaka, kama ilivyo kwa mashamba mengi yaliyopimwa eneo hilo. Shamba lina mahindi, maharagwe, miembe kadhaa na nyumba yake. Anataka kufanya mambo matatu: kumpa mwanawe robo ekari, kuuza ploti nne za "hamsini kwa mia", na kujenga vyumba 12 vya kupangisha mbele, karibu na barabara.

Kwake hayo ni mambo ya familia. Kisheria ni maombi yasiyopungua manne, na baadhi yake hayaendi ofisi moja.

La kwanza ni Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo wengi huiita landi bodi. Hii si ya kaunti. Ni chombo cha serikali ya kitaifa kilichoundwa na sheria ya mwaka 1967, nacho huketi chini ya uongozi wa utawala wa mkoa wa zamani, yaani naibu kamishna wa kaunti au mwakilishi wake. Kuuza, kugawa, kukodisha, kuweka rehani au kubadilishana ardhi ya kilimo bila idhini ya bodi hiyo ni kazi bure mbele ya sheria. Ombi linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Wakichelewa, mnunuzi anaweza kudai fedha zake kama deni, lakini msingi wa kudai ardhi yenyewe huwa umetikisika, na kesi za namna hiyo zimejaa mahakamani miaka nenda miaka rudi.

Bodi hutazama zaidi uzalishaji. Inaweza kukataa mgawanyo unaoelekea kupunguza mazao ya shamba. Hata urithi hauko nje kabisa: ardhi ikimwendea mrithi kwa wosia au kwa sheria ya mirathi haihitaji idhini, lakini ikiwa urithi huo utaikata vipande viwili au zaidi vyenye hatimiliki tofauti, idhini huhitajika. Ndugu wengi hugundua jambo hili wakiwa na amri ya mahakama mkononi na saveya tayari shambani.

Hapa kuna jambo dogo linalowachanganya wakazi wa pembezoni mwa soko. Sheria hiyo ya 1967 hailihesabu eneo la soko au kituo cha biashara kuwa ardhi ya kilimo. Kwa hiyo ploti iliyo ndani ya mpaka wa soko na shamba lililo ng'ambo ya njia vinaweza kuwa chini ya taratibu mbili tofauti, ijapokuwa kuku wa upande mmoja hula upande wa pili. Aidha, ploti nyingi za masoko ya mashambani zilitolewa na halmashauri za zamani, kabla ya kaunti kuchukua usukani mwaka 2013, na wenye nazo wana barua za ugavi na risiti za ada, wala si hatimiliki. Barua ya ugavi huwa na masharti ya matumizi. Anayenunua ploti ya aina hiyo hununua na masharti yake.

La pili ni kibali cha kugawa ardhi, na hiki ni cha kaunti. Mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa huandaa mchoro unaoonyesha vipande na njia za kuvifikia. Ndipo mwenye shamba hupata mshtuko wa kwanza: njia hizo hutoka kwenye ardhi yake, bila malipo. Njia ya mita 9 inayopita urefu wa mita 100 humeza mita 900 za mraba, karibu robo ya ekari, kwa kuwa robo kamili ni kama mita 1,012. Wauzaji wanaopuuza njia hiyo ili wapate ploti moja zaidi huacha majirani wakigombana miaka 20 baadaye, jeneza likipitishwa juu ya ua wa mtu.

Ploti yenyewe ya hamsini kwa mia ina maneno yake. Hizo ni futi 50 kwa 100, yaani futi 5,000 za mraba. Thumuni kamili ya ekari ni futi 5,445. Tofauti ni ndogo, lakini mnunuzi aliyeahidiwa "moja ya nane" anafaa kujua kwamba hajapata yote.

La tatu ni kubadilisha matumizi. Vyumba 12 vya kupangisha si kilimo. Nyumba ya mwenye shamba kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya maisha ya shamba, lakini nyumba za biashara, duka la jumla, gereji, kituo cha mafuta au shule ya kibinafsi ni matumizi mapya yanayohitaji kibali kipya. Mtaalamu huandika ripoti ya kueleza kwa nini badiliko linafaa, tangazo huwekwa mahali penyewe na kuchapishwa ili majirani wapinge wakitaka, na fomu, ambayo wengi bado huiita PPA1 kwa jina la sheria ya kale, hupelekwa kaunti pamoja na ada. Kiasi cha ada huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti na hubadilika, hivyo risiti ya jirani aliyelipa miaka mitatu iliyopita si mwongozo.

La nne ni ramani ya jengo. Hili ndilo watu wengi hulijua, na hulifanya mbele ya yale matatu kwa kuwa fundi ndiye aliyewaambia. Matokeo ni kwamba mtu hulipa msanifu, akachora jengo zuri la ghorofa mbili, halafu akaambiwa ardhi yenyewe bado ni ya kilimo. Pamoja na ramani huja mahitaji ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kwa miradi ya aina fulani leseni ya NEMA chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

Hesabu za jengo

Kanda haisemi tu "makazi" au "biashara". Husema pia kiasi gani. Vipimo viwili hutumika sana. Cha kwanza ni sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya sakafu zote ikilinganishwa na ukubwa wa ploti.

Tuseme kanda fulani inaruhusu jengo lifunike nusu ya ploti, na jumla ya sakafu isizidi ukubwa wa ploti. Kwenye hamsini kwa mia, jengo litakaa kwenye futi 2,500 za mraba, na sakafu zote kwa jumla zisizidi futi 5,000. Hiyo ni orofa mbili zinazojaza nafasi yote iliyoruhusiwa, au orofa nne zenye upana nusu yake iwapo urefu huo umekubaliwa. Mtu anayenunua ploti kwa bei ya "hapa unaweza kuinua ghorofa sita" anatakiwa kuifanya hesabu hii kabla ya kulipa, si baada.

Vipimo hivi huonekana kama udhalimu hadi mtu afikirie choo. Sehemu kubwa ya masoko ya mashambani haina bomba la majitaka. Kila ploti hubeba uchafu wake chini ya ardhi yake, kwa choo cha shimo au tangi la maji machafu. Ukikata ekari moja vipande vinane na kila kimoja kikawa na wapangaji 12, vyoo huwa karibu na visima, na katika nchi ya miteremko kama Mitaboni, maji ya aliye juu hushuka kwa aliye chini. Hapo ndipo afisa wa afya ya umma anapokuwa na sauti katika jambo ambalo mmiliki alidhani ni la saveya na fundi tu.

Vivyo hivyo kwa mito. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto ambao matumizi yake hudhibitiwa. Mito mingi ya Machakos hukauka kiangazi, na hapo huonekana kama barabara ya mchanga isiyo na mwenyewe. Aliyejenga kwenye ukingo wa Agosti hujua ukingo halisi mvua ya Novemba inapofika. Kuchota mchanga au kuchimba mawe kwenye shamba la mtu ni matumizi mengine yanayohitaji vibali, ijapokuwa lori la kwanza kwa kawaida hutangulia karatasi ya kwanza.

Barabara nazo zina hifadhi zao chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Vibanda vilivyo mbele ya shamba vinaweza kuwa vimekaa nje ya shamba bila mwenyewe kujua. Ramani ya usajili na bikoni ndizo zinazotatua ubishi huo, si ua wa michongoma.

Funzo la Konza

Wasiwasi wa wamiliki si wa kubuni. Serikali iliponunua ekari 5,000 za Malili mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, ilitangaza pia ukanda wa kinga wa kilomita 10 kuuzunguka, unaogusa kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado. Ugawaji na ujenzi ndani ya ukanda huo uliwekewa vizuizi vikisubiri mpango. Nia ilieleweka: kuzuia mabanda yasiuzingire mji mpya. Lakini wenye mashamba walijikuta wana ardhi ambayo bei yake imepanda kwenye magazeti na ambayo wao hawawezi kuikata ili kulipa karo. Walilalamika kwa miaka mingi, na ni vigumu kusema hawakuwa na haki. Kusubiri pia ni gharama, na katika kanda zinazosubiri mpango gharama hiyo humwangukia mwenye shamba.

Kinyume chake, matukio ya Mavoko yasichanganywe na haya. Nyumba zilizobomolewa Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland zilianguka kwa sababu ya mzozo wa umiliki. Wenye nyumba hizo walishindwa kwenye swali la "ardhi ni ya nani". Hakuna kibali cha mipango ambacho kingewaokoa, kama ambavyo hakuna hatimiliki inayomwokoa aliyejenga bila kibali. Mnunuzi mwangalifu huuliza maswali yote mawili: sachi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, kisha ofisi ya mipango ya kaunti.

Kanda pia humlinda aliyetulia. Jirani akitaka kuweka kichinjio, mashine ya kusaga au baa inayokesha mita chache kutoka chumba cha kulala cha mtu, lile tangazo la kubadilisha matumizi ndilo nafasi ya kupinga. Pingamizi lenye nguvu ni lile lililoandikwa, likataja nambari ya ardhi na kueleza madhara: kelele, maji machafu, malori kwenye njia ya watoto wa shule. Kumchukia jirani si sababu inayotambuliwa na sheria.

Ukiukwa, na ukikataliwa

Anayeendeleza ardhi bila kibali cha kaunti hutenda kosa chini ya kifungu cha 57 cha sheria ya 2019. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tena anaweza kuagizwa airudishe ardhi katika hali yake ya awali, na gharama ya kubomoa ni yake mwenyewe.

Kabla ya hapo hutolewa notisi ya utekelezaji, na hii ndiyo maana halisi ya ile X nyekundu. Alama ukutani si notisi. Notisi ni karatasi, nayo inatakiwa kueleza kosa ni lipi, hatua gani zichukuliwe na kwa muda gani. Mwenye jengo anayeona rangi bila karatasi ana haki ya kwenda ofisini kuidai, na anafaa kufanya hivyo siku hiyo hiyo, maana saa ya rufaa huanza kuhesabiwa akiwa bado anabishana na fundi.

Rufaa hupelekwa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14. Muda ni huo huo kwa aliyepewa notisi na kwa aliyenyimwa kibali, na hata jirani anayedhurika na kibali alichopewa mwingine anaweza kukata rufaa. Asiyeridhika na uamuzi wa kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo mjini Machakos. Majaji wa mahakama hiyo huwarudisha watu wengi walioiruka kamati na kwenda kwao moja kwa moja, na wakati huo siku 14 huwa zimekwisha zamani.

Kuna kifungu kimoja kinachompendelea mmiliki, nacho hakijulikani sana. Ikiwa kaunti haikujibu ombi la kibali kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Sheria iliwekwa hivyo ili faili zisilale. Lakini ni upanga unaohitaji mkono wenye ushahidi: ombi liwe kamili, ada iwe imelipwa, na mwombaji awe na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Aliyeacha karatasi zake mezani kwa karani anayemfahamu, bila mhuri, hana siku ya kwanza ya kuhesabia.

Kuhusu ukubwa wa chini wa shamba, ambao huzua ubishi mwingi katika mabaraza ya machifu, Katiba iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka viwango vya chini na vya juu vya ardhi ya kibinafsi. Mswada wa mwaka 2015 kuhusu jambo hilo haukupitishwa. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba "sheria ya nchi imekataza kugawa chini ya ekari kadhaa" anafaa kuomba aonyeshwe maandishi. Kinachoweza kumzuia ni uamuzi wa bodi juu ya uzalishaji au masharti ya kanda yake, na hayo yote hutolewa kwa barua yenye sababu.

Mwenye zile ekari mbili basi huanza na ziara mbili: Machakos kwa sachi na ramani ya usajili, kisha ofisi ya mipango kuuliza kama kuna mpango wa mtaa na shamba lake limo katika rangi gani. Baada ya hapo ndipo humtafuta mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, na fundi huja mwisho. Robo ekari ya mwanawe na ploti nne za kuuza zinaweza kuingia katika mchoro mmoja wa ugawaji, jambo linalopunguza ada na kuhakikisha kwamba njia ya kwenda kwa mwana haipiti kwenye ploti ya mnunuzi. Vyumba 12 husubiri kibali cha kubadilisha matumizi ya kile kipande cha mbele pekee. Sehemu iliyobaki nyuma hubaki ya kilimo, pamoja na matuta yake na miembe.